Mpira wa Zamani Uko Wapi? Kwaheri ya Pili kwa Fundi Wetu wa Filta

Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na tano ya utumishi katika karakana ya idara yetu ya maji, Fundi Mkuu wetu, ambaye karakana nzima inamwita Bwana Mpira, anastaafu. Anastaafu kwa mara ya pili. Mliohamia kwetu karibuni msishangae. Sisi wengine keki ya kwanza tuliila mwaka jana, saa ya ukutani tulishamkabidhi, hotuba tulishazitoa na mmoja wetu alishalia. Jumatatu iliyofuata Bwana Mpira alikuwa getini kabla ya mlinzi, amevaa ovaroli, akidai kuna kitu kidogo amesahau kuangalia. Akaomba mkataba wa nyongeza, akapewa, na hicho kitu kidogo kikamchukua mwaka mzima.

Kamati ya maandalizi imemwomba mtunza stoo aandike ukurasa huu, kwa hoja kwamba hakuna mfanyakazi aliyegombana na mstaafu wetu kwa muda mrefu zaidi. Hoja hiyo haina ubishi. Kila filta ya dizeli iliyowahi kufungwa kwenye pikapu za idara imepitia dirisha la stoo, na kila moja ilikuja na mjadala wake. Bwana Mpira hachukui filta kama mtu anavyochukua sabuni. Huitoa kwenye boksi pale pale dirishani, akaichungulia matundu yake, akaupapasa mpira wake kwa kidole kidogo, kisha akainusa. Ndiyo, huinusa! Siku moja mtunza stoo alimuuliza inanukia nini, akajibiwa kwamba bado hainuki kitu, na hiyo ndiyo raha yake. Waliopanga foleni nyuma yake wakisubiri balbu na glavu walijifunza kuja na stuli.

Aliingia hapa akiwa kijana mwembamba, kazi yake kuosha magari. Inasemekana aliosha pikapu moja kwa muda mrefu mno hadi fundi mkuu wa wakati ule akatoka nje kuangalia kama rangi bado ipo. Alimkuta amefungua boneti, kitambaa mkononi, anasoma injini kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Akaitwa ndani siku hiyo hiyo. Kutoka hapo akawa fundi msaidizi, akawa fundi, akawa Fundi Mkuu, na katika vyeo vyote hivyo hakuacha kitambaa. Hata leo, mkimpa mkono, angalieni mfuko wake wa nyuma.

Kwa wageni wetu wasiojua kazi ya karakana, maelezo mafupi yanahitajika. Pikapu za idara hubeba mafundi wa pampu kwenda visimani, mbali, kwenye barabara ambazo simu hukosa mtandao na tairi hukosa subira. Pikapu ikizima njiani, pampu haitengenezwi, na watu wanarudi na ndoo tupu. Kinachozizima pikapu za dizeli mara nyingi si jambo kubwa. Ni vumbi, kutu na maji yaliyoingia kwenye mafuta. Filta ndiyo inayoyazuia kabla hayajafika kwenye pampu ya injini na nozeli, zile zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini. Filta ikiwa chafu, gari linakohoa. Filta ikifungwa vibaya, gari linavuta hewa badala ya mafuta, na hapo hata likohoe halisaidii.

Sasa tuje kwenye jina lake. Filta ya aina tunayotumia ina mpira mwembamba wa duara unaoziba pale inapokutana na kichwa chake juu. Ukifungua filta ya zamani, mara nyingine mpira wake hautoki nayo. Unabaki umeng'ang'ania kule juu, mweusi kwenye weusi, umejificha ndani ya masizi na mafuta. Fundi mwenye haraka hauoni. Anafunga filta mpya, yenye mpira wake mpya, juu ya ule wa zamani. Mipira miwili, mmoja juu ya mwenzake, haizibi sawasawa. Injini itawaka vizuri kabisa uani, kila mtu atapiga makofi, halafu itakuja kukutangazia habari zake mlimani.

Ndiyo maana juu ya mlango wa stoo kuna msumari. Sheria ya Bwana Mpira inajulikana na kila mtu, hadi wapishi wa kantini: ukibadilisha filta, mpira wa zamani unautundika kwenye msumari, kila mtu auone. Kila Jumatatu asubuhi msumari huvuliwa mipira yote, wiki ianze upya. Na hakuna pikapu inayotoka getini baada ya kuwekewa filta mpya kabla Fundi Mkuu hajauliza mpira wa zamani uko wapi. Ameliuliza swali hilo kwa sauti zote ambazo binadamu amejaliwa. Amelisema asubuhi badala ya salamu. Alimuuliza hivyo daktari wake alipoamka baada ya kupasuliwa ngiri, na daktari, maskini, akaenda kuhesabu vifaa vyake upya.

Jina lenyewe lilimletea ajira ya ziada. Mkurugenzi wetu, alipohamia hapa, alisikia kwamba kuna mzee anaitwa Bwana Mpira, akamteua kuwa kocha wa timu ya idara bila kuuliza zaidi. Bwana Mpira hakukanusha. Alisema kazi ni kazi. Aliwapanga madereva uwanjani, akawakagua viatu vyao kamba kwa kamba, akawakatalia kuanza mechi hadi mabeki wawili wafunge kamba upya, na timu pinzani ikapata ushindi wa mezani kwa sababu tulichelewa kuingia. Msimu ule hatukushinda hata mechi moja. Lakini hakuna mchezaji aliyechomokwa na kiatu.

Watu huuliza ushupavu huu wote ulitoka wapi, na mwenyewe hajawahi kuficha, kwa hiyo nasi hatufichi. Ulitoka kwenye harusi yake.

Idara ilikuwa imemwazima pikapu ya kumpeleka bwana harusi ukumbini, ile nyeupe tunayoiita Bibi Mkubwa, ambayo wakati huo ilikuwa msichana. Asubuhi ya siku yenyewe Bwana Mpira alisikia, au alidhani amesikia, injini inasitasita. Mtu mwingine angevumilia. Yeye aliamua kubadilisha filta, tena kwa mkono wake mwenyewe, akiwa amekwishavaa suti. Msimamizi wake wa harusi, ambaye leo ndiye Dereva Mkuu wetu na atawasimulia tena hata msipomuuliza, alisimama pembeni ameshika koti kwa vidole viwili lisichafuke. Filta ya zamani ikatoka, mpya ikaingia, injini ikanguruma, wakapigana pambaja, wakaondoka. Mpira wa zamani ulibaki kule juu, na wao wakaenda nao harusini.

Katikati ya mlima Bibi Mkubwa akatikisika, akatoa pumzi, akazima. Dizeli ilikuwa inatiririka kando ya injini na hewa ilikuwa imeingia kila mahali. Bwana Mpira akavua koti, akaingia chini ya boneti na shati lake jeupe. Kule ukumbini saa zikapita. Mjomba wa bibi harusi akaanza kutembea huku na huku mikono nyuma, jambo ambalo kwa familia ile ni dalili mbaya. Bibi harusi hakulia wala hakuzimia. Alipanda lori la mjomba wake akiwa na shela na shangazi yake, akasema kama bwana yule amekimbia anataka amwone akikimbia kwa macho yake. Walimkuta mlimani, uso mweusi, mikono inatiririka dizeli. Alinyoosha kiganja tu, na kwenye kiganja kulikuwa na mpira mwembamba wa duara.

Bibi harusi aliuangalia ule mpira, akamwangalia yeye, akaangua kicheko, akamwambia apande lori. Walifunga ndoa jioni ile, bwana harusi ananuka karakana, na kwenye picha iliyoko sebuleni kwao doa la dizeli linaonekana wazi kwenye mkono wa shati. Shemeji yetu huyo tunamwita Mama Mapacha, na mapacha wenyewe ni watu wazima wenye familia zao. Amelea watoto, amefundisha shule hadi akastaafu zake kwa mara moja tu, kama watu wengine, na amemsamehe mumewe kuchelewa harusini. Kitu kimoja kimemshinda. Tangu siku ile, gari lolote likianza kupanda mlima, mume wake hunyamaza, huinua mkono kuwanyamazisha wote, na hubaki anasikiliza injini hadi kileleni. Mama Mapacha anasema hajawahi kumaliza kumsimulia kitu akiwa kwenye mwinuko.

Na kwa kuwa tuko kwenye habari za kusikiliza, tusiache chupa za Ijumaa. Chini ya filta kuna koki ndogo ya kutolea maji. Watu wengi huikumbuka taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi. Bwana Mpira hangojei taa. Kila Ijumaa hulegeza koki ya kila pikapu, huikinga kwa chupa ya kioo iliyokuwa ya jemu, hukandamiza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta, na kuacha yatoke hadi ije dizeli safi. Kisha huzipanga chupa dirishani, kila moja na jina la pikapu yake. Maji hukaa chini, dizeli ya rangi ya chai nyepesi hukaa juu, na dereva anayejaza mafuta kwenye mapipa ya kandokando ya barabara hana pa kuuficha uso. Dereva Mkuu aliwahi kuja Ijumaa moja akakuta chupa yake ina maji nusu nzima, na kwa wiki nzima wenzake wakawa wanamuuliza kama hiyo pikapu anaiendesha au anainywesha.

Chupa hizo ndizo zilizotuokoa mwaka ule wa mvua kubwa. Mfuniko wa tangi la uani ulikuwa umepasuka, maji yakaingia usiku kucha, na asubuhi madereva wakajaza mafuta bila kujua. Bwana Mpira alikinga chupa ya kwanza, akaona maji matupu. Hakupiga kelele. Alipita pikapu moja baada ya nyingine akichomoa funguo, akazitia zote mfukoni, akaenda kantini akakaa. Mkurugenzi alikuja juu kama moto wa kifuu. Visima vinasubiri, mafundi wa pampu wamekaa kwenye matoroli, na huyu mzee anakunywa chai na funguo za idara nzima mfukoni! Bwana Mpira alimwekea chupa mezani. Mkurugenzi akaitazama, akakunja mikono ya shati, na siku hiyo akabeba ndoo za kukamulia matangi kama sisi wote, akateleza kwenye dizeli, akaanguka kwa heshima zake zote. Hakuna nozeli hata moja iliyoharibika. Suruali ya mkurugenzi haikupona.

Hayo ndiyo mafanikio, na yapo mengine. Lakini mtunza stoo asingekuwa mkweli kama angeishia hapo, kwa sababu kila mtu humu anajua kwamba swali la leo si Bwana Mpira amefanya nini. Swali ni kama kweli ataondoka.

Mama Mapacha ana dada yake mkubwa anayeishi ng'ambo ya milima. Tangu mapacha wakiwa wadogo, Bwana Mpira amekuwa akiahidi kwamba likizo ijayo wataenda kukaa huko, si kulala usiku mmoja na kurudi, kukaa hasa. Likizo inafika, pikapu inakohoa. Likizo nyingine, pikapu nyingine. Mwaka jana, kwa kustaafu kule kwa kwanza, mabegi yalikuwa yamefungwa na kupangwa mlangoni. Dada mtu alikuwa amepaka chumba rangi na kununua godoro. Ndipo Bwana Mpira akaamka Jumatatu akakumbuka kwamba hana uhakika kama aliiona mipira yote ya wiki ile. Mama Mapacha aliyafungua mabegi, nguo moja baada ya nyingine. Tuliokwenda kumwona jioni ile tulikunywa chai haraka haraka tukaaga. Dada yake sasa anatembelea mkongojo, na akipiga simu haulizi tena wanakuja lini.

Tatizo si kwamba hakuna wa kumrithi. Dada Fundi yupo. Amekaa kwenye karakana hii miaka mingi, mkono wake mwepesi, jicho lake kali, na ndiye anayechukua usukani Jumatatu. Anafunga filta kwa utaratibu ule ule: anafuta kichwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, anapitisha kidole mzunguko mzima kuhakikisha hakuna kilichobaki, anaupaka mpira mpya dizeli kidogo ukae vizuri, anakaza kwa mkono bila papara, anakandamiza pampu ya mkono hadi iwe ngumu, ndipo anawasha. Na mpira wa zamani anautundika msumarini. Halafu Bwana Mpira anakuja na tochi yake, anafungua boneti, na kumulika tena.

Kuna siku Dada Fundi alichoka. Alimwambia, kwa adabu zote lakini bila kuzungusha, kwamba mpira uko msumarini, baba, na mpira hauwezi kuwa msumarini na kwenye injini kwa wakati mmoja, sasa humo ndani anatafuta nini? Bwana Mpira alizima tochi. Alijibu kwamba anamtafuta yule kijana wa suti. Kisha akaiwasha tena, akaendelea kumulika.

Mwezi uliopita Mama Mapacha aliamua kupima mambo mwenyewe. Alifika karakana na kikapu cha chakula, akamsalimia kila mtu kwa zamu yake, akaketi kwenye benchi lililoegemea stoo. Akamwita mumewe akae kando yake, uso ukutani, mgongo kwa Bibi Mkubwa. Akamwomba Dada Fundi abadilishe filta. Masharti yalikuwa mepesi: mume wake akae, ale, na gari likiwaka aondoke naye nyumbani bila kufungua boneti. Karakana nzima iliacha kazi. Hata wahasibu walishuka, na wahasibu wetu hawashuki kwa jambo dogo.

Jamani, mzee alijitahidi. Alitafuna polepole macho yakiwa ukutani, na masikio yake tuliyaona yakifanya kazi. Ndoo ilipowekwa chini, alitikisa kichwa kukubali. Filta ilipolegea akaacha kutafuna. Kukawa kimya kidogo, pale Dada Fundi alipokuwa anapitisha kidole, na Bwana Mpira akainuka nusu. Mkewe akamvuta ovaroli, akakaa. Pampu ya mkono ikasikika, injini ikawaka, ikanguruma safi, tukashangilia kama tumefunga bao, jambo ambalo timu yetu haikuwahi kutupa nafasi ya kulifanya. Mpira wa zamani ukapita mbele yake kwenda msumarini. Alikuwa ameshinda! Alikuwa amesimama kuondoka, kikapu mkononi. Kisha akasema ni mara moja tu, sekunde moja, akaenda akafungua boneti.

Mama Mapacha alichukua kikapu chake, akafuta makombo kwenye benchi, akatoka getini kwa miguu. Hakugeuka. Bwana Mpira alibaki ameshika tochi iliyowaka mchana kweupe.

Siku iliyofuata alikuja dirishani kwa mtunza stoo. Hakuomba filta. Aliweka tochi yake juu ya kaunta, ile ya chuma yenye mkanda wa bluu mpinini, akasema ihifadhiwe na asipewe hata akiiomba kwa machozi. Alisema amekuwa akidhani tochi hii inawalinda watu wa visimani, kumbe kwa miaka hii yote inamfanya mke wake amsubiri ukumbini, shela kichwani. Mtunza stoo aliifungia tochi kabatini, akageuka kupanga masanduku ambayo tayari yalikuwa yamepangika.

Tuseme ukweli wote: amekuja kuiomba mara mbili. Mara ya kwanza alidai amedondosha miwani chini ya meza. Miwani ilikuwa usoni. Mara ya pili alisimama tu dirishani, akaangalia kabati, akasema hali ya hewa ni nzuri, akaondoka. Na kwa wiki zote hizi Dada Fundi amekuwa akibadilisha filta, mipira imekuwa ikitundikwa, na boneti zimebaki zimefungwa. Anaondoka uani mikono ameitia mifukoni kabisa, kama mtu aliyefungwa na mfuko wake mwenyewe, lakini anaondoka.

Sasa, Bwana Mpira, tunakugeukia wewe mwenyewe, maana tunajua unasoma hapa huku hotuba ya mkurugenzi ikiendelea.

Idara imekubali kwamba baada ya hafla hii Bibi Mkubwa awapeleke wewe na shemeji ng'ambo ya milima. Dereva Mkuu ataendesha, na safari hii hatashika koti la mtu. Tunajua pia, ingawa tunaandika Alhamisi, kwamba leo ulipoingia ulipita mlango wa stoo kwanza. Umeliona boksi la filta mpya kwenye pipa la takataka, ukasoma juu yake jina la Bibi Mkubwa. Ukainua macho msumarini, ukakuta hakuna kitu. Tangu saa hiyo keki haipiti kooni. Tungekuambia mapema, lakini na sisi tumekaa na swali lako miaka yote hii, acha likukae kidogo.

Filta ilibadilishwa Alhamisi, ulipopelekwa makao makuu kusaini karatasi zako, muda mfupi kabla ukurasa huu haujaenda kuchapwa. Aliyeifunga ni Dada Fundi. Aliyemulika ni Mama Mapacha. Alikuja dirishani akaiomba tochi yako, na mtunza stoo alimpa, kwa sababu aliyekatazwa kupewa ni wewe. Filta ya zamani ilipotoka, alipanda juu ya bampa na viatu vyake vya kutokea, akamulika kichwa cha filta mzunguko mzima, akamwambia Dada Fundi apitishe kidole tena, kisha akapitisha na cha kwake. Mpira ulikuwa umeng'ang'ania kule juu, mweusi kwenye weusi, kama ule wa siku ile. Waliutoa pamoja. Tulitaka kuutundika msumarini kama sheria yako inavyosema, akakataa. Akaupangusa kwa kitambaa, akaufunga kwenye leso, akautia kwenye mkoba. Alisema wewe ulimwonyesha wa kwanza, huu atakuonyesha yeye.

Amekaa kushoto kwako. Mwombe afungue mkoba.

Kwa kila tone la maji ulilotutolea kwenye mafuta, kwa kila kisima kilichofikiwa kwa sababu gari halikuzima, kwa funguo ulizokalia kantini, na hata kwa msimu ule wa kandanda, idara nzima inasema asante. Tochi inabaki stoo, saa ya ukutani unayo, na Jumatatu mlinzi ana maagizo ya kutokufungulia geti. Wewe na mama maisha yenu yawe mema na marefu, kitanda cha dada mtu kiwe laini, na chai isiwakaukie. Ombi letu la mwisho ni moja: Bibi Mkubwa akianza kupanda mlima, teremsha huo mkono, mwache mkeo amalize hadithi yake.